Tiba ya unga: hesabu ya kumtibu mraibu na hesabu ya kumwacha

Kijana akirudi nyumbani baada ya miezi kadhaa katika kituo cha kurekebisha tabia, jamaa na majirani huuliza swali moja tu: "Ameacha?" Madaktari na watafiti wanaofuatilia matokeo ya tiba ya heroini huuliza swali jingine. Wao huuliza: "Bado yuko kwenye tiba?" Tofauti ya maswali haya mawili huenda ikaonekana ndogo, lakini ndani yake mna maisha ya watu na fedha nyingi, za familia na za taifa. Katika makala haya tutaeleza kwa nini.

Kama wewe msomaji unaishi Ziwa la Ng'ombe, Bombolulu, Kongowea au Kisauni, huhitaji kuelezwa teja ni nani. Umemwona maskani, umemwona kando ya barabara ameinama kama anayeokota kitu asichokipata. Yamkini ni mtoto wa jirani yako, au ni wako. Unajua pia namna nyumba inavyoisha: leo simu, kesho mtungi wa gesi, keshokutwa mabati ya jikoni. Bandu bandu huisha gogo.

Heroini si jambo geni Pwani. Ilianza kuonekana katika miji yetu miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ilikuwa ile ya rangi ya kahawia, ambayo watumizi waliivuta kwa moshi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaingia heroini nyeupe, na watu wengi wakaanza kujidunga sindano. Mabadiliko hayo yalielezwa na watafiti waliofanya kazi Malindi na Watamu, miongoni mwao Susan Beckerleg. Sindano ilileta maradhi ambayo moshi haukuyaleta kwa kiwango hicho: virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C. Takwimu zilizotumiwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kwamba asilimia 18.3 ya waliokuwa wakijidunga mihadarati nchini walikuwa na virusi vya Ukimwi, ilhali uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 5.6 kwa watu wazima kwa jumla.

UNGA HUFANYA NINI MWILINI

Heroini hufika kwenye ubongo haraka na hutoka haraka. Nguvu yake hudumu saa chache tu. Mwili uliokwisha kuizoea huanza kuidai baada ya saa 8 hadi 12 hivi, na hapo ndipo arosto huanza: makamasi na machozi, jasho, tumbo kukata na kuharisha, viungo kuuma, usingizi kutoroka. Arosto hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja.

Kwa sababu hiyo mraibu aliyezoea siku nyingi hatafuti raha tena. Anatafuta kuikimbia arosto. Atafanya hivyo mara tatu au nne kwa siku, kila siku, mvua au jua. Usiku anawaza kete ya asubuhi, na asubuhi anawaza ya mchana. Mtu aliye katika mzunguko huo hana nafasi ya kazi, wala ya watoto, wala ya kwenda hospitali kuchukua dawa nyingine yoyote.

Wakazi wa Mombasa waliwahi kuyaona hayo kwa wingi. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 heroini iliadimika ghafla Pwani. Wapo waliodhani kwamba tatizo limekwisha. Lakini watumizi walipatwa na arosto kwa pamoja, wengine wakageukia vidonge na pombe, na huduma za afya hazikuwa na dawa ya kuwatibu. Unga uliporudi, nao wakaurudia. Kuukosa unga si tiba.

KUSAFISHA MWILI PEKE YAKE KUNA HATARI

Familia nyingi zinapopata fedha humpeleka mgonjwa kwenye kituo akae siku 30, 60 au 90. Huko mwili husafishwa, hupewa mawaidha na ushauri, kisha hurudi nyumbani akiwa amenenepa na uso unang'aa. Wapo wanaofanikiwa kabisa kwa njia hii, na ni haki yao kupongezwa. Lakini msomaji yafaa ujue jambo ambalo haliandikwi kwenye karatasi za vituo.

Mwili uliosafishwa hupoteza uwezo wa kuhimili. Kiasi cha unga alichokuwa akikitumia kila siku bila kufa, sasa kinatosha kumuua. Mwaka 2003 John Strang na wenzake wa London walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 137 waliokuwa wamelazwa ili kusafishwa miili. Katika miezi minne ya kwanza baada ya kutoka, wagonjwa watatu walikufa kwa kuzidisha dozi. Wote watatu walitoka katika kundi la wagonjwa 37 waliokuwa wamemaliza kusafishwa na kupoteza uwezo huo wa kuhimili. Waliokatiza njiani hawakufa kwa sababu hiyo katika kipindi hicho.

Maana yake si kwamba kumaliza ni kubaya. Maana yake ni kwamba kumaliza bila kufuatwa na tiba nyingine ni kumtoa mtu kwenye maji na kumwacha ukingoni usiku. Wiki za kwanza za kurudi mtaani ni za hatari kuliko zote, na ndizo ambazo familia hulegeza ulinzi kwa kuamini kwamba kazi imekwisha.

METHADONI NI NINI

Methadoni ni dawa iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Katika miaka ya 1960 daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander, katika jiji la New York, waliitumia kwa waraibu wa heroini na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa za lazima.

Methadoni ni ya jamii moja na heroini, ila tabia zake ni tofauti. Hunywewa kwa mdomo, kwa kawaida kama maji ya dawa, mbele ya muuguzi. Huingia mwilini taratibu na hukaa takriban siku nzima. Mtu akipewa kiasi kinachomfaa halewi wala hasinzii, na arosto haimpati. Hata akichukua unga juu yake, mara nyingi haupati utamu aliouzoea. Badala ya kuhangaika mara nne kwa siku, anahitaji kwenda kliniki mara moja. Saa zinazobaki ni zake.

Hapa nchini tiba hii ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na Februari 2015 katika hospitali ya Malindi. Baadaye ikafika Kisauni na kwingineko. Mwanywaji halipii dawa katika kliniki za umma. Mashirika kama Reachout Centre Trust na MEWA, ambayo yamefanya kazi na waraibu wa Mombasa kwa miaka mingi, huweza kumwelekeza mgonjwa na jamaa zake kuhusu namna ya kuandikishwa.

DAR ES SALAAM WALIONA NINI

Jirani zetu wa Tanzania walitutangulia. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011. Barrot Lambdin, Jessie Mbwambo na wenzao waliwafuatilia waraibu 629 walioandikishwa kuanzia mwezi huo hadi Januari 2013, na matokeo wakayachapisha mwaka 2014. Swali lao lilikuwa lile tulilotaja mwanzoni: nani amebaki kwenye tiba?

Baada ya miezi 12, asilimia 57 walikuwa bado wanakunywa dawa. Huenda ukasema, basi karibu nusu walishindwa. Tafadhali usikimbilie hukumu hiyo. Linganisha na jaribio lililofanywa Sweden na kuchapishwa na Johan Kakko na wenzake mwaka 2003. Waraibu 40 waligawanywa kwa kura. Wote walipata ushauri nasaha wa hali ya juu, lakini 20 walipewa buprenofini, dawa inayofanya kazi iliyo karibu na ya methadoni, na wengine 20 wakapewa dawa hiyo kwa siku chache tu, kisha vidonge visivyo na dawa. Mwaka ulipokwisha, kati ya 20 wa kwanza waliobaki ni 15. Kati ya 20 wa pili hakubaki hata mmoja, na wanne walikuwa wamekufa. Ushauri peke yake, hata uwe mzuri namna gani, haukuweza kuwashika.

Watafiti wa Dar es Salaam waliuliza pia kwa nini baadhi walibaki na wengine wakaondoka. Majibu yao yanamhusu kila anayeuguza mraibu.

Kwanza, kiasi cha dawa. Waliopata zaidi ya miligramu 85 kwa siku walikuwa na uwezekano wa kuacha tiba ulio chini ya nusu ya wale waliopata pungufu ya miligramu 40. Mgonjwa anayepewa dawa kidogo mno hupata arosto kabla ya kesho kufika, na maskani si mbali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, linapendekeza kwamba dozi ya kuendelea nayo kwa kawaida iwe kati ya miligramu 60 na 120.

Pili, umri na jinsia. Watu wazima zaidi walidumu kuliko vijana. Wanawake walikuwa na uwezekano wa kuacha ulio nusu ya ule wa wanaume. Kwa hiyo shida ya wanawake ni kufika kliniki kwanza, kwani aibu na hofu ya kunyang'anywa watoto huwazuia wengi. Wakishafika, hukaa.

Tatu, majeraha ya zamani. Waliosema kwamba waliwahi kudhulumiwa kimapenzi walikuwa na uwezekano wa kuacha tiba karibu mara tatu ya wengine. Hawa hawatoshelezwi na kikombe cha dawa. Wanahitaji mtu wa kuwasikiliza aliyefunzwa kazi hiyo.

GHARAMA: NANI ANALIPA, NA ANALIPA WAPI

Sasa tuingie kwenye fedha. Mlipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini serikali igharamie watu ambao, kwa macho yake, wamejitakia. Swali hilo liliulizwa Uingereza miaka ya 1990, na waliotafuta jibu kwa kuhesabu waliongozwa na mtafiti Michael Gossop wa London.

Mwaka 1995 Gossop na wenzake walianza kuwafuatilia watu 1,075 walioingia katika vituo 54 vya tiba ya mihadarati huko Uingereza. Wengine walikuwa katika vituo vya kulala, wengine wakipewa methadoni wakiwa nyumbani. Waliwauliza kuhusu matumizi ya mihadarati, afya, kazi na uhalifu kabla ya tiba, kisha wakawarudia baada ya mwaka, miaka miwili, hadi miaka minne na mitano. Matumizi ya heroini yalipungua na kujidunga kukapungua. Kilichopungua sana ni wizi wa kutafutia pesa za unga.

Hesabu ya mwanzo iliyotokana na kazi hiyo ilisema kwamba kila pauni moja iliyoongezwa katika tiba iliokoa zaidi ya pauni tatu. Mwaka 2004 Christine Godfrey, Duncan Stewart na Gossop walitoa hesabu pana zaidi ya miaka miwili, na faida ikawa kati ya pauni 9.5 na 18 kwa kila pauni moja. Huko California, Marekani, uchunguzi wa 1994 ulikuwa umepata faida ya dola saba kwa kila dola moja.

Mbona tarakimu zinatofautiana hivyo? Kwa sababu hesabu ya gharama hutegemea unachoingiza na unachoacha. Ukihesabu hospitali peke yake, faida ni ndogo. Hata mara nyingine gharama za hospitali huongezeka, kwa kuwa mtu aliyekuwa akijificha sasa anatibiwa kifua kikuu au homa ya ini. Ukiingiza polisi, mahakama na jela, faida hukua. Ukiingiza hasara ya walioibiwa, hukua zaidi. Sehemu kubwa ya faida iliyoonekana Uingereza na California ilitoka kwenye uhalifu uliopungua. Fedha hizo hazirudi kwenye sanduku la wizara ya afya. Hubaki mfukoni mwa mtu ambaye simu yake haikuporwa, naye hajui kwamba ameokolewa.

Tarakimu hizo haziwezi kuchukuliwa kama zilivyo na kubandikwa Mombasa. Mishahara, bei na mahakama zetu si zao. Lakini namna ya kuhesabu inatufaa.

HESABU YA MTAANI

Chukua karatasi uandike safu mbili. Tarakimu tunazotumia hapa ni za mfano tu, hazikutoka kwenye utafiti. Wewe weka zako.

Safu ya kwanza ni ya kumwacha. Tuseme kijana anatumia Sh 500 kwa siku kununua unga. Kwa mwaka ni Sh 182,500. Hana kazi, kwa hiyo pesa hizo hutoka mahali fulani. Kitu cha wizi huuzwa kwa bei ya kutupa. Tuseme anapata theluthi moja ya thamani yake. Basi ili apate hizo Sh 182,500, wenye mali hupoteza Sh 547,500. Ongeza nauli za mama kwenda kituo cha polisi, siku za kazi zilizopotea, dhamana, matibabu ya jipu la sindano. Na kama ameambukizwa virusi vya Ukimwi, ongeza dawa za maisha yote, ambazo mtu mwingine atalazimika kuzilipia hata kama mgonjwa hazilipii.

Safu ya pili ni ya kumtibu. Dawa ni bure kliniki. Lakini bure hiyo ina mlango wa nyuma, nao ni nauli. Methadoni hunywewa kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Kama matatu ni Sh 50 kwenda na Sh 50 kurudi, ni Sh 100 kwa siku, yaani Sh 36,500 kwa mwaka. Anayekaa karibu na kliniki huweza kutembea. Anayekaa mbali hawezi, na ukimwambia "tafuta nauli" bila ya kazi, umemrudisha kwenye njia ileile ya kutafuta pesa za unga. Familia nyingi ambazo ziko tayari kuuza shamba kulipia kituo cha siku 90 haziwazi kabisa kwamba Sh 100 za kila siku ndizo zingemweka mtoto wao hai.

Linganisha safu hizo mbili kisha ujiulize ipi ni ghali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Gharama nyingine ni ya uhai wenyewe. Mwaka 2017 Luis Sordo na wenzake walikusanya tafiti 19 zilizowafuatilia watu 122,885 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Katika kila watu 1,000 walio kwenye tiba kwa mwaka mmoja, waliokufa walikuwa kama 11. Katika kila 1,000 waliokuwa nje ya tiba, walikuwa 36. Tofauti ni watu 25 kwa kila elfu, kila mwaka. Ndiyo sababu swali la "Bado yuko kwenye tiba?" lina uzito.

"MNAMBADILISHIA ULEVI TU"

Hili ndilo pingamizi linalosikika sana misikitini, makanisani na barazani, na linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba mwili wa mwenye kunywa methadoni huitegemea. Akiiacha ghafla ataumwa. Lakini mwenye kisukari hutegemea insulini, na mwenye kifafa hutegemea vidonge vyake, wala hatuwaiti mateja. Ulevi tunaoulaani ni ule unaomwondolea mtu akili, mali na ubinadamu. Mtu anayekunywa dawa yake asubuhi, akaenda kubeba mizigo Kongowea, jioni akaleta unga wa ugali nyumbani, huyo hajabadilishiwa ulevi. Ametibiwa.

Muda wa tiba nao ni mrefu. Wengine huhitaji mwaka mmoja au miwili, wengine miaka mingi zaidi. Anayetaka kuacha methadoni hupunguziwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, chini ya uangalizi, na wakati maisha yake yametulia. Kumlazimisha aache kwa sababu mjomba anasema imetosha ni kumrudisha kwenye hatari tuliyoieleza.

Kuhusu Ramadhani, dozi ni moja kwa siku. Kwa hiyo saa ya kuinywa ni jambo la kuzungumzwa. Waulize wahudumu wa kliniki na shekhe unayemwamini kabla mwezi kuandama. Asiamue peke yake kuruka siku.

HATARI ZAKE

Methadoni ni dawa kali. Wiki mbili za kwanza zahitaji uangalifu kwa sababu hujikusanya mwilini. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo, kwa kawaida si zaidi ya miligramu 30, na kuiongeza polepole. Mgonjwa akilalamika kwamba haimtoshi siku ya tatu, avumilie na amwambie daktari, asiongezee unga.

Kuchanganya methadoni na pombe au vidonge vya usingizi, vile viitwavyo bugizi, huweza kusimamisha pumzi. Vifo vingi vya methadoni duniani hutokana na mchanganyiko kama huo.

Rifampisini, dawa muhimu ya kifua kikuu, huiondoa methadoni mwilini haraka. Mgonjwa anayeanza dawa za kifua kikuu huweza kupatwa na arosto huku akinywa dozi ileile ya jana. Wengi hudhani dawa imechakachuliwa na kurudi maskani. Kliniki zote mbili lazima zijue kwamba mtu huyo ni mmoja, ili dozi irekebishwe.

Mama mjamzito mwenye uraibu asiache ghafla wala heroini wala methadoni, kwa kuwa arosto huweza kumdhuru mtoto tumboni. Aende kliniki. Methadoni ni tiba inayokubalika katika ujauzito.

FEDHA ZA WAFADHILI

Liko jambo moja ambalo mlipa kodi hana budi kulitazama. Tiba hii nchini mwetu ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za kutoka nje, hasa zile za kupambana na Ukimwi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za Ukimwi zilitikisika. Chanjo ikichelewa mwezi mmoja, mtoto huweza kuchanjwa mwezi ujao. Methadoni ikikosekana siku mbili, wote waliokuwa wakiinywa wanaingia arosto kwa pamoja, na wanajua unga uko wapi. Kuanza tiba ya namna hii ni kuahidi kwamba haitakatika. Ahadi hiyo ni ya kaunti na ya serikali kuu, na mwakilishi wa wadi yako anaweza kuulizwa juu yake wakati bajeti inapojadiliwa.

MASWALI YA KUULIZA KLINIKI

Ukimsindikiza mgonjwa wako, uliza haya:

1. Dozi yake sasa ni miligramu ngapi, na je, inamfikisha hadi kesho bila arosto?

2. Amepimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kifua kikuu? Homa ya ini aina ya C siku hizi hutibika na kupona kwa vidonge, mara nyingi ndani ya wiki 12.

3. Akipata kazi ya asubuhi, anaweza kunywa saa ngapi? Akisafiri kwa mazishi, afanye nini?

4. Kuna mshauri wa kuzungumza naye kuhusu mambo ambayo hawezi kuyasema nyumbani?

5. Akikosa kuja, mtatupigia simu?

Swali la mwisho lisichukuliwe kwa wepesi. Mgonjwa aliyekosa siku tatu mfululizo au zaidi asirudi na kunywa dozi yake ya zamani bila kupimwa upya, maana mwili umeshuka. Lakini arudi. Wengi huona aibu, hukaa wiki nzima wakitafuta la kusema, na wiki hiyo ndiyo huwamaliza. Mwambie mapema, siku ya kwanza ya tiba, kwamba akiteleza mlango wa nyumbani na wa kliniki uko wazi.

Na ukimkuta amelala haamki hata ukimtikisa, anakoroma kwa uzito au anapumua kwa mapumziko marefu, midomo imegeuka rangi na mboni za macho ni kama ncha ya sindano, hiyo ni dozi iliyozidi. Mlaze kwa ubavu, usimmwagie maji wala kumpa maziwa, usimwache peke yake, na mkimbize hospitali iliyo karibu ukiwaambia waziwazi ametumia nini. Hospitali ina dawa iitwayo naloksoni inayorudisha pumzi. Kama alikunywa methadoni akaamka baada ya naloksoni, msiondoke upesi. Naloksoni huisha nguvu mapema kuliko methadoni, na usingizi ule huweza kurudi.